Eti Baba Yake Alikuwa Muzima

Kisangani, Jumanne usiku

Eti muzima! Nimeacha chakula mezani, naandika kwa hasira.

Daktari wetu anatafiti kama wazee wa leo wanaugua sukari na damu kupanda zaidi kuliko baba zao. Bon. Mimi, infirmier, muuguzi wake, leo nilimuuliza Papa Saidi, fundi wa nguo: baba yako aliugua nini uzeeni?

"Uzee gani, mutoto wangu? Wazungu walimupiga risasi ku kazi ya lazima ya kugema mpira. Mimi nilikuwa mu tumbo ya mama."

Daktari akaniambia: "Donc, basi, hakuugua kitu. Andika muzima."

Nikaandika. Mjinga yule!

Jioni waasi walioshika mji wamemchukua jirani yangu. Kesho huenda ni mimi. Siku moja mutoto wangu ataulizwa baba yake aliugua nini uzeeni.

Wataandika muzima.