Ngazi ya Bwawa la Jirani

Jumanne, Februari 1996

Eti bwawa la jirani halihitaji kibali! Bwana afya huyuhuyu ndiye aliyenipa siku saba nifunike kisima changu, la sivyo anishtaki. Nikafunika.

Leo nimekwenda ofisini kwake kumweleza kwamba jirani yangu mwenye gesti ameweka bwawa la plastiki uani, maji yananifika kifuani, uzio hakuna, na jana nilimkuta mjukuu wangu ameshapanda nusu ya ngazi.

Shikamoo alinipa vizuri. Kisha akasema, "Mama, sheria inataja mashimo. Lile liko juu ya ardhi."

Kwa hiyo mtoto akizama juu ya ardhi hafi?

Nimerudi kupitia gesti, nikajitwisha ngazi yao mchana kweupe. Sasa iko chini ya kitanda changu. Anayeitaka aje na kibali.