Alama Chini ya Hori la Farasi

Jumatatu, 3 Oktoba 1938

Wattie wangu,

Wanapanua barabara hapa mjini Barre. Hori la kunyweshea farasi litahamishiwa mbele ya maktaba, liwekewe kibao cha shaba: kumbukumbu ya Waskoti waliotoka Aberdeen kuvuka bahari kuja kuchonga mawe ya graniti. Nilifurahi! Kisha nikasoma gazetini maneno ya kibao. Eti ua la mbigili, nembo yetu Waskoti, ubavuni mwa hori lilichongwa na George Gauld. Gauld! Msimamizi wa karakana yenu ya mawe! Ua lile ulilichonga wewe, majira ya baridi tuliyooana. Ulirudi na vumbi kwenye nyusi, ukagonga pai yangu kwa kifundo cha kidole, kama unavyopima jiwe. "Haina ufa," ukasema.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimekwenda kwenye kamati. Gauld alikuwepo, na fimbo yake. Mwalimu Pirie, mwenyekiti, akauliza nina ushahidi gani. Nikasema alama yako, sahihi ya fundi, iko chini ya jiwe, ilivyo desturi ya mafundi wetu: upande unaolala, usioonekana. Gauld akacheka. "Mama Cruickshank, hapa hakuna mjane ambaye mumewe hakuchonga nusu ya mji!" Wote wakacheka. Nikamwambia, "Basi ligeuzeni." Pirie akakubali: likiinuliwa Jumamosi, litaangaliwa mbele ya watu wote. Kama alama haipo, kibao kinabaki na jina la Gauld.

Ijumaa, 7 Oktoba

Jirani yangu Bianchina ameleta supu. Mumewe naye alikufa kwa vumbi la karakana, kama wewe. "Nyie Waskoti, jamani! Sisi Waitalia tukichonga kitu tunaandika jina mbele, kubwa, hata mbwa asome. Nyie mnalificha chini kama mmeiba!" Nimecheka hadi machozi. Nikamwambia, kwetu kazi nzuri haijitangazi.

"Ndiyo maana inatangazwa na Gauld," akasema.

Alama yenyewe sijawahi kuiona, Wattie. Nina neno lako tu. Linanitosha.

Jumamosi, 8 Oktoba — adhuhuri

King'ora cha chakula kimelia. Nimekimbia nyumbani kubadili viatu — tope! Hori linaning'inia kwenye minyororo ya winchi. Lilipopanda polepole, ua lako liling'aa juani, kila mwiba. Wanaume walivua kofia. Nilisimama wima!

Lakini chini kuna ganda la udongo wa miaka thelathini. Maji yanachemshwa kwa Bianchina. Pirie akauliza tuanze kusugua wapi, maana ni pana kama meza ya watu kumi. Kabla sijafungua kinywa, Gauld akasema taratibu, "Pembe ya kushoto. Karibu na tundu la bomba."

Sikumtajia mtu pembe yoyote. Hata wewe hukunitajia. Sasa yeye ameijuaje?

Hakunitazama.

Bianchina anapiga kelele dirishani: maji tayari! Naenda. Nikumbuke huko uliko, Wattie, kama ninavyokukumbuka.