Majivu ya Nyambeki

Roret, 4 Machi 1996

Binti yangu Joan,

Chamge. Hapa nyumbani tunapumua sote, hata goti la mama yako limenyamaza tangu baridi ipungue. Wewe na masomo ya ualimu mnaendeleaje? Unakula vizuri huko Kisumu, au ni samaki tu?

Nakuandikia juu ya ile chai tuliyopanda juu ya mto. Katikati ya shamba majani yamegeuka manjano, na mashina mengine yamekauka. Mbolea nimetia, wapi. Sasa nimejua sababu. Nyambeki, mjane wa Okemwa niliyemkodishia kile kipande cha chini, anamwaga majivu kwenye sukuma wiki kila asubuhi. Nilipomuuliza akasema, "Mzee, hiyo ni majivu ya jiko yangu tu, natilia mboga. Chai yako sijagusa." Mimi naona majivu hayo yana dawa ndani, na wazee wamekubaliana nami. Mwisho wa mwezi atahama na watoto wake.

Mama yako anasema nikuulize kwanza, kwa vile unasoma kemia. Haya, nimekuuliza.

Baba yako, Aron

Kisumu, 15 Machi 1996

Mpendwa Baba,

Nimefurahi kusikia goti limenyamaza. Mimi ni mzima, na samaki nimewazoea.

Tafadhali usimfukuze Nyambeki kabla ya kupima udongo. Chai hupenda udongo wenye asidi, ule ukali ulio kwenye ndimu na kwenye mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Majivu ni kinyume chake. Ni besi, yanaua asidi. Besi ikiyeyuka majini tunaiita alkali, ndiyo maana maji ya majivu huteleza vidoleni kama sabuni. Kwa hiyo ni kweli majivu hudhuru chai. Lakini majivu ya nani? Kama ni ya Nyambeki, ingeanza kufa chai iliyo karibu na ua wake. Wewe unasema ni ya katikati. Na pale katikati, kama sijasahau, ndipo ilipokuwa nyumba ya kogo, mama yako, kabla hujaibomoa.

Nimekuwekea karatasi za litmasi, nyekundu na bluu. Chota udongo penye chai inayokauka, penye chai nzima, na kando ya ua wa Nyambeki. Kila mmoja ukoroge na maji ya mvua kwenye kikombe chake, kisha uchovye. Asidi itageuza ile ya bluu kuwa nyekundu. Alkali itageuza ile nyekundu kuwa bluu.

Mtoto wako, Joan

Kisumu, 9 Aprili 1996

Baba,

Natumaini ni kazi za shamba tu zimekuzuia kuandika. Mwezi umeisha na sijapata jibu. Ulipima? Nyambeki yuko? Nina wasiwasi. Wale watoto nimewabeba mgongoni.

Joan wako

Roret, 28 Aprili 1996

Binti yangu Joan,

Hatujambo, ila goti limeanza tena. Barua zako mbili nilizichukua siku moja, kwa sababu sikuwa nimefika posta. Nyambeki alikuwa ameshahama.

Hata hivyo nilipima. Penye chai nzima, bluu iligeuka nyekundu. Kando ya ua wake, vilevile. Pale katikati, nyekundu iligeuka bluu nikiitazama. Nikachimba, nikapata mawe ya jiko la kogo yako. Moto wa mama yangu haukuwahi kuzimika nikiwa mtoto, na majivu aliyamwaga hapo hapo nje ya mlango. Nilikaa chini, nikamkumbuka sana. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshafika.

Jana nilienda Ndanai kwa kaka yake, ambako Nyambeki anaishi sasa. Nilimwonyesha zile karatasi, nikamweleza asidi na alkali kama ulivyonifundisha, nikamwomba msamaha. Nikamwambia kipande chake bado kipo. Alinipa uji, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee, si mimi nilikuambia? Shida ni mimi sikuwa na karatasi."

Hakusema kama atarudi, na mimi sikuwa na uso wa kumuuliza. Sukuma wiki yake imenawiri. Mama yako amekataa tuichume.

Baba yako, Aron