Kigoda cha Bibi

Jumatatu, 3 Julai 1995
Nimetwanga karanga kabla ya kwenda shule. Nimezitia kwenye uji wa mtama wa Bibi, na maziwa kidogo. Hana magego, kwa hiyo nilichekecha mara mbili. Amekunywa nusu kikombe akasema ameshiba. Ameshiba nini? Mikono yake imebaki mifupa.

Bibi ni mama yake Mama. Alihamia kwetu Sapiwi mwaka jana, mjomba alipofariki. Alikuja ana mwili wake.

Jumatano, 5 Julai
Sayansi kimu leo: chakula cha wazee. Kiwe laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Maziwa, maharage, mboga za majani, matunda. Maji hata kama hana kiu. Tena mzee asile peke yake, maana upweke huua hamu ya kula. Hapo nimepiga mstari. Bibi hula peke yake nyuma ya jiko! Sasa najua la kufanya.

Alhamisi, 6 Julai
Mama yuko shambani anachuma pamba. Nimehamisha kigoda cha Bibi, nimekiweka uani karibu na kiti cha Baba.

Baba yupo nyumbani kutwa siku hizi. Alikuwa karani wa ghala la pamba la chama cha msingi cha ushirika, akirudi jioni. Sasa wanunuzi binafsi wanakuja na malori yao. Ghala limefungwa. Anakaa uani na redio.

Nilimpa Bibi viazi vya kuponda na dagaa wa kusaga. Alifunika sahani kwa kanga. Hakuonja. Alininong'oneza, "Unaninenepesha unipeleke mnadani?" Sikucheka.

Jumapili, 9 Julai
Wote wameenda kanisani, mimi nimebaki na Bibi. Amekula maharage na ugali laini, akaomba tena! Nimeimba nikiosha vyombo. Baba aliporudi, Bibi akasukuma kando bakuli la papai. Sielewi.

Jumanne, 11 Julai
Bibi alianguka akitoka chooni. Mama na mimi tumempeleka zahanati kwa baiskeli. Muuguzi kampima, kamtazama macho na ulimi. "Huyu mama haumwi. Ana njaa." Nilitamani ardhi inimeze.

Njiani nilimweleza Mama habari ya kigoda. Alisimamisha baiskeli.

"Wewe mtoto! Nani kakutuma? Mama mkwe anakulaje mbele ya mkwe wake?"

Bibi alitazama pembeni.

Mama naye alidhani ni uzee. Lakini tumeelewa. Tangu ghala lifungwe, kiti cha Baba kinatazama mpaka nyuma ya jiko. Hata sahani ikipelekwa chumbani kwa Bibi inapita mbele yake. Bibi alianza kukonda wakati huohuo. Mimi nikamsogeza karibu zaidi.

Mama anasema Bibi hawezi kumwambia Baba, na yeye Mama hajui aanzie wapi.

Jumatano, 12 Julai
Nimemwambia Baba mwenyewe. Nilieleza yote, hadi somo la mwalimu. Alizima redio, akaenda upande wa shamba la mtama. Naogopa nimemwaibisha. Bibi leo ni uji mwepesi tu.

Ijumaa, 14 Julai
Baba amesimamisha nguzo na kufunga mabua ya mtama, toka jikoni hadi mlango wa chumba cha Bibi. Ukuta mrefu kunizidi. Mama aliuliza ni wa nini.

"Wa kuzuia mbuzi."

Hatuna mbuzi.

Nimerudisha kigoda, nyuma ya mabua.

Jumamosi, 15 Julai
Nimekula na Bibi huko ndani. Somo la mwalimu halikuwa na kosa, asile peke yake. Ila na nani, hilo sikuliuliza. Amemaliza viazi na dagaa. Anasema dagaa walizidi chumvi.

Jumapili, 23 Julai
Maziwa mgando asubuhi. Mchana ugali laini na mlenda wa karanga. Saa hizi Bibi anakula papai, nami naandika nikiwa mlangoni mwa jiko. Kijiko kinakwangua bakuli. Baba anataka kuvuka uani. Anakohoa kwanza. Kijiko kinanyamaza, anapita, kinaendelea.