Betri Iliyo Stoo kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 7 Aprili
Nimegeuza mayai asubuhi. Mvua. Nimegeuza tena mchana. Mvua. Umeme umekatika mara sijui ngapi, na zile betri za maji za sola zimeishiwa chaji kabla sijamaliza kuosha vyombo. Nimeifunika mashine ya kutotolesha kwa blanketi la kitandani. Mume wangu Ambakisye atalala na khanga. Amenuna. Anune.

Mayai ni ya akina mama wa Kisondela. Wameniamini kwa mara ya kwanza. Yakiharibika, hakuna atakayeniletea tena hata moja.

Masika ndiyo yanayoua betri hizi. Betri ya maji ikishinda nusu tumbo wiki nzima, inakufa. Ya lithiamu haijali. Nimeuza ndama wangu, nimeagiza Mbeya. Sijutii!

Alhamisi, 10 Aprili
IMEFIKA! Bodaboda kaileta imezungushiwa nailoni. Nyepesi, nilidhani wameniletea nusu. Mama mkwe ameizunguka akitafuta matundu ya kutilia maji. Alipoambiwa hayapo amesikitika, kama vile tumenunua ng'ombe asiye na mdomo.

Shida ni mahali. Paneli za sola ziko kwenye bati la baba mkwe, maana kwetu miparachichi inaziba jua. Betri na kontrola, kile kisanduku cha kuongoza chaji, zimo stoo kwake, inayoingiliwa kupitia sebuleni; kwangu unakuja waya tu. Na mimi siingii kwa baba mkwe. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa: mkwe wa kike hakai chumba kimoja naye, hampi mkono, akipita njiani anajitenga. Wengi wamelegeza. Yeye hajalegeza, nami namheshimu. Kazi za stoo anafanya Ambakisye, mimi naamuru kutoka uani.

Ijumaa, 11 Aprili
Ambakisye ameifunga. Nimesimama nje ya ukuta nikipaza sauti: toa kwanza waya wa paneli! Mwisho nikamwambia abadilishe aina ya betri kwenye kontrola. "Tayari!" akajibu. Jioni umeme ukakatika na mashine haikutetereka. Nimecheza uani peke yangu, kuku wananishangaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Jumatatu, 14 Aprili


Jua kali tangu asubuhi, nikalifurahia. Adhuhuri umeme ukakatika, na mashine kimya. Betri mpya imezima! Ambakisye yuko zamu kiwanda cha chai, simu haipatikani. Mama mkwe yuko msibani Ikuti. Nyumbani kabaki baba mkwe peke yake.

Nikasimama chini ya dirisha la stoo, mgongo ukutani, nikamwita. Sijawahi kumsemesha hivyo. Nikamwomba anisomee kioo cha kontrola. Akajibu: "Herufi ndogo fijo, ndogo mno. Macho yangu hayazifikii."

Hasira zikanipanda. Si kwake, kwa ule ukuta. Mayai yanapoa na dawa yake naijua mimi! Nikalia kwa sauti, akanisikia.

Mlango wa mbele ukafunguka. "Mama, ingia. Mimi natoka."

Akaenda migombani, akanipa mgongo, akawa anakohoa kwa nguvu nijue alipo. Nikaingia. Mara ya kwanza tangu niolewe. Na kontrola bado inasema betri ya maji! Ambakisye huyu! "Tayari" yake ilikuwa ya kukaza nyaya kwa bisibisi tu. Jua lote lile limesukuma chaji kupita kiasi, betri ikajifungia isiungue. Nikachomoa waya wa paneli, nikabadilisha aina, nikaiamsha. Taa ya kijani! Nikakimbia kwangu: feni inavuma, mayai bado yana uvuguvugu. Migombani kikohozi kinaendelea. Ilibidi niimbe pambio ndipo ajue nimetoka.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimeyamulika mayai kwa tochi. Yanacheza! Machache yamekufa, mengi yako hai. Nimepiga vigelegele hadi Ambakisye kaja mbio akidhani nyoka. Nimemsamehe. Karibu yote.

Ila sina amani. Kwa baba mkwe nyundo inalia tangu jana. Amemwagiza Ambakisye atoe vitu vyote stoo. Naogopa nimemvunjia heshima, anataka betri iondoke kwake. Kwingine jua halifiki. Sithubutu kuuliza.

Jumatatu, 21 Aprili
Vifaranga wametoka. Akina mama wa Kisondela wamewachukua kwa vikapu, na wameacha mayai mengine.

Walipoondoka, mama mkwe akaniita nyuma ya nyumba yao. Stoo imekatwa mlango upande wa nje, unaotazama uani kwangu. Mbao mbichi, bado zinanuka maranda. Ule wa ndani, wa kutokea sebuleni, baba mkwe ameupigilia mbao. Mama mkwe akanipa ufunguo. "Baba yako anasema ni wako," akasema, akaenda zake.

Nimeingia. Betri ipo palepale. Nimesoma kioo, imejaa. Nimefagia vumbi la mbao, nikafunga mlango, nikaenda kugeuza mayai.