Kidole Chenye Hina

Bura, 4 Mei 2025

Mama Mumina,

Assalaam aleikum. Habari ya Garsen, na goti lako limepoa? Huku kwa Baba sisi ni wazima, tunamwagilia mahindi.

Najua umeudhika nimeondoka bila kukuaga. Lakini mwanao amenichosha. Mume gani anatoka kila usiku na kamera, anarudi na matope mpaka magotini, ukimuuliza anasema vyura? Vyura wa mitini, eti! Zamani sikuwa na neno, kwa sababu tulikwenda pamoja matetini kule Ngao. Yeye apige picha, mimi nimshikie tochi. Nilipougua malaria baada ya Idi akaniambia nilale. Nikapona, hakunichukua tena.

Jana Sadik amenitumia picha ili nimwamini. Ni kachura ka kijani juu ya tete, koo limefura kama chingamu iliyopulizwa. Kazuri, sikatai. Lakini mwanga unatoka ubavuni. Nani anamshikia tochi? Nimemuuliza, kanyamaza.

Wewe unaishi naye nyumba moja, niambie. Baba anataka kutuma wazee wadai talaka mwisho wa mwezi, na sijamkataza.

Mkamwana wako, Nuria

Garsen, 6 Mei

Nuria,

Wa aleikum salaam. Goti ni lile lile. Mwanangu hana mwanamke, wallahi. Tochi labda aliitundika mtini. Mimi mambo ya vyura usiniulize, Garsen nzima inajua nawachukia. Rudi nyumbani, mama.

Mama yako, Mumina

Bura, 7 Mei

Mama,

Shikamoo. Nimeikuza ile picha. Pembeni kuna kidole chenye hina. Mti gani unapaka hina?

Nuria

Bura, 20 Mei

Mama,

Salamu nyingi. Sijui kama u mzima, maana wiki mbili nzima hukunijibu. Basi nimeelewa. Unamjua huyo mwanamke, nawe unamficha. Nilidhani unanipenda. Wazee wanakuja huko Ijumaa hii, baada ya swala.

Nuria

Garsen, 21 Mei

Nuria mwanangu,

Ni mzima, ila usingizi sina. Haya, nasema. Kidole ni changu.

Ulipokuwa mgonjwa nilimfuata Sadik kimyakimya, nimfumanie, nimwaibishe. Nikamkuta amepiga magoti kwenye matope, tochi ameiuma kwa meno, anahangaika. Nikaona nimshikie kidogo tu. Kale kachura kakanitazama, kakafura koo, kakaita. Loo! Sauti ile nimelala nayo tangu nizaliwe, nikidhani ni mto wenyewe unalia, kumbe ni kajitu kasikozidi ukucha wangu. Usiku wa pili nilikuwa mlangoni kabla yake.

Nikamwapisha asimwambie mtu, hata wewe. Mjane mzima kukimbizana na vyura! Wauza maziwa wenzangu wangenicheka mpaka kiama. Na nilijua ukirudi matetini, mimi nitabaki nyumbani. Nilikunyang'anya nafasi yako, mwanangu, na ulipoondoka nikaona haya kuirudisha. Nisamehe.

Mama

Bura, 22 Mei

Mama,

Nimecheka, halafu nimelia sana. Ingekuwa mwanamke mwingine ningejua la kufanya. Lakini Sadik aliona afadhali mimi nimdhanie mzinzi kuliko wewe uchekwe sokoni. Hapo ndipo panaponiuma. Nikirudi, narudi kwenye nyumba yenye siri ya watu wawili, na mimi ni wa tatu. Wazee sijawazuia.

Nuria

Stendi ya Bura, 23 Mei

Nuria,

Salamu tutapeana tukionana. Leo alfajiri nilisimama pale tunapouzia maziwa nikawaambia wote, wazi, kwamba mimi Mumina natoka usiku kutazama vyura, na kwa ajili ya siri hiyo mke wa mwanangu amekimbia. Wamecheka mpaka muuzaji mwenzangu Nyevu kamwaga debe zima. Wacha wacheke. Nikapanda basi.

Sadik alitaka kuja, nikamwambia akae, kiapo nilimlisha mimi. Najua mama mkwe hamfuati mkamwana kwao, hiyo ni kazi ya wazee. Lakini wazee watasema nini juu ya jambo hili? Nimekaa kivulini karibu na duka la simu. Nyumba yenu siijui. Ukitaka kunifukuza, njoo unifukuze kwa mdomo wako.

Mama

Bura, 23 Mei

Mama,

Usitoke hapo, nakuja na pikipiki. Baba alikasirika, halafu akawaambia wazee wavue viatu tena, leo hawaendi popote, kuna mgeni. Sasa anauliza chai yako iwe na sukari kiasi gani.

Ya Sadik nitayazungumza na Sadik mwenyewe, na hayatakuwa mafupi. Lakini wewe hutakaa stendi kama mtu asiye na watoto.

Mwanao, Nuria