Shahidi wa Pili wa Anisia

Shinyanga Mjini,
14 Agosti 1981

Mdogo wangu mpendwa Anisia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yako naiitikia kabla hujaitoa, maana najua safari hii huenda usiitoe: marahaba, mdogo wangu. Mguu uliokusumbua wakati wa masika unaendeleaje? Mpunga umeingia ghalani wote, au ndege wamechukua fungu lao? Huku tupo. Klara, mke wa Donatus, ananitunza kama baba yake mzazi. Huniwekea uji wa mtama mbele na kunipigia hadithi mpaka niumalize. Sukari hakuna dukani, lakini hata ingekuwapo ulimi wangu usingeitambua. Kifua kimekuwa kizito. Daktari ameacha kuniambia nirudi wiki ijayo, siku hizi ananiambia nipumzike. Mwalimu mzee kama mimi anaielewa lugha ya namna hiyo.

Donatus aliporudi kutoka Ushirombo alinieleza jinsi ulivyompokea vizuri, ukamchinjia kuku na kumfungia karanga za Klara. Halafu akainuka aondoke. Nilimlazimisha mwanangu aseme yaliyobaki, akasema umemtuma hivi: mwambie baba yako, kama kweli aliona, basi miaka kumi na tisa amenitazama nikichekwa na mdomo wake ukiwa mzima; asinitegemee kitandani kwake. Nimelala na maneno hayo na kuamka nayo. Nitayajibu. Lakini kwanza nivumilie nikusimulie mkutano wenyewe ulioanzisha haya, maana najua umekufikia vipande vipande, na kila aliyeubeba ameongeza chumvi yake.

Unakumbuka Daktari Theonest, yule mtoto wa Geita anayefundisha chuo kikuu, alikualika wewe kwanza. Ukamjibu kwamba umechekwa vya kutosha bila mwaliko. Ndipo nikajitolea kwenda badala yako. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Walikuwapo walimu, masista, Wazungu wawili kutoka Kanada, na Mhindi mmoja mtaalamu wa nyota. Ukutani walibandika kitambaa kilichoandikwa "Viumbe wa Anga za Mbali na Siri za Serikali". Hayo maneno ya mwisho yaliwaleta wachimbaji wa upande wa Segese kwa baiskeli, wakidhani siri yenyewe ni mahali dhahabu ilipo. Mmoja wao, Mabula, alisimama kabla mkutano haujafunguliwa akauliza ramani itaonyeshwa saa ngapi. Alipoelezwa kwamba tunazungumzia wageni wa angani, akauliza kama kuna kitu chochote kizito walichoangusha. Watu walicheka, naye akacheka, akabaki kungoja chai. Akaniambia pale kwenye benchi kwamba kwao mashimoni mkubwa akitangaza shimo fulani halina kitu, hapo hapo ndipo wanapokimbilia na masururu.

Mama mmoja wa Mhunze aliuliza kama wageni hao wakija watahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, au wataachiwa wachague wenyewe pa kukaa. Anisia, ukumbi ulipasuka. Aliyekuwa hacheki ni afisa mmoja wa serikali aliyekaa mbele. Naye Theonest alizungumza vizuri sana. Alisema mataifa makubwa yana mitambo ya kutazama anga na makufuli ya kufungia yanachokiona, na kwamba siku mgeni akishuka kwenye ardhi yetu sisi tutasikia kwa redio ya wenzetu, kama tutasikia. Kisha akasema jambo lililonigusa: kwamba mara nyingi serikali haifichi inachokijua, inaficha kwamba haijui. Nikawakumbuka wale waliokuja na Land Rover mwaka ule wa sitini na mbili, wakapima majani yaliyolala pale kilimani na kuchota udongo kwenye makopo. Walimwambia mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, kwamba hakuna kilichotokea na kwamba watu wasikiseme. Vijana wadogo wale, serikali yenyewe changa. Sasa naona waliogopa kuliko sisi.

Ilipofika zamu yangu nilisimulia habari yako kama ulivyozoea kuisimulia. Ulikuwa juu ya dungu ukifukuza ndege kwenye mtama, jua likielekea kuzama. Kile kitu cheupe kikasimama juu ya kilima bila sauti, kama mwewe aliyeona kifaranga. Ndege wote wakanyamaza. Nilipofika hapo nikasikia kicheko nyuma ya ukumbi. Hakikuwa kama kile cha mama wa Mhunze. Kilikuwa kile cha kwetu, cha kisimani, wanapokuona ukija na ndoo. Afisa akainuka, akasema kwa adabu kwamba serikali haina jalada la jambo hilo, na akauliza: nani mwingine aliona?

Ndilo swali la mwanangwa. Jambo la ajabu lililoonwa na mmoja, wazee wa kwetu hawakulijadili mpaka wa pili asimame, amshike bega na kusema "nami". Asipopatikana, aliyeona hupewa maji anywe mbele ya watu, na jambo huitwa ndoto. Wewe uliyakataa maji yale. Ungekunywa, wangesahau kabla ya mavuno. Kwa sababu hukunywa, familia ya mchumba wako ilikuja kuchukua ng'ombe wao, na wewe ukawa "Anisia wa Angani", ukalea watoto wangu badala ya wako.

Pale mbele kikohozi kilinishika. Sista mmoja mwema akanimiminia maji, akaniletea glasi mdomoni, ukumbi wote ukitazama. Hakujua anafanya nini. Nikaisukuma ile glasi, nikamwambia afisa: nami niliona.

Nimesikia Padre Ansgar alikuja kwako kuomba radhi, na wanawake wa jumuiya wakakuletea kitenge. Nilifurahi. Sikuwaza kwamba neno moja likikusafisha mbele yao lingenichafua mbele yako.

Sasa nakujibu. Sikuona kitu, Anisia. Jioni ile nilikuwa nimelala nyuma ya ghala, nimelewa pombe ya mtama tangu mchana, mimi mwalimu niliyekuja likizo kuwafundisha watoto katekisimu. Mama alinifunika kwa gunia ili baba asinione. Ulipokuja unakimbia, ukipiga kelele, niliamka nikiwa na hasira ya usingizi, na nilidhani jua limekupiga. Nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Kwa hiyo sikukuacha peke yako nikiwa najua. Nilikuacha nikiwa siamini. Sijui lipi litakuuma zaidi, lakini la kwanza si kweli, na sitaki kufa ukilibeba.

Kuna jambo jingine. Wakati wa chakula wale wa Kanada waliniomba nisimulie tena. Nikasimulia, na nikajisikia nimeongeza moshi. Mara ya tatu kilima kilikuwa kimehama upande. Nilifundisha watoto maisha yangu yote, na hivyo ndivyo mwongo anavyojulikana. Nikaketi na sahani yangu nikahesabu mahali pote uliposimulia wewe: kisimani, jikoni, kwenye msiba wa mama, mbele ya padre, kwa hasira na kwa kicheko, miaka yote hiyo, na hata siku moja hukubadilisha neno. Nilianza kukuamini pale, Anisia, nikiwa na wali mdomoni, baada ya kukusemea uongo.

Padre nimeshamwita wa huku, dhambi yangu nimeiungama. Kuhusu watu wa Ushirombo, uamuzi ni wako. Ukitaka ukweli usemwe, mpe Padre Ansgar karatasi hii aisome kanisani. Ukitaka iungue jikoni, iungue, nami nitajibu mbele ya Mungu kwa niaba yetu wawili. Sikuombi unishukuru wala unisamehe. Nakuomba uje. Basi la kwetu linapita Kahama Jumanne na Ijumaa, na Donatus atakupokea stendi. Uje uketi kwenye kiti kilicho karibu na kichwa changu, uanze tangu ulipopanda dungu. Sitakukatiza. Sikuwapo, na ningependa kujua.

Nisalimie Mektilda na watoto wake, na Padre Ansgar, utakavyoona inafaa. Klara anakusalimu na kushukuru kwa karanga. Zimekwisha, tumezila wote, hata mimi mgonjwa.

Bwana akulinde mpaka utakapofika.

Kaka yako akupendaye,
Valerian